Sura ya Saba: Dole la Mtu Mwingine

Leonida hakukigusa kikombe. Chai ilikuwa imepoa tangu saa mbili, maziwa yameshika utando juu, na yeye amekipa kisogo, mikono ameikunja ndani ya shuka lake kama mtu aliyewekewa mavi ya kuku mezani. Inspekta Elirehema alikuwa ameimimina chai hiyo kwa mkono wake mwenyewe, hisani ambayo hakuwa na kawaida ya kuwafanyia washukiwa wa mauaji, na sasa aliijutia.

"Mwambie anywe," alimwambia Koplo Tluway. "Mwambie haina sumu."

Koplo alitamka maneno machache ya Kiiraqw. Mwanamke alimtazama Inspekta kuanzia kofia mpaka buti, kisha akarudisha macho ukutani.

"Hataki, Afande."

"Hilo nimeliona bila mkalimani."

Ilikuwa Jumatatu ya katikati ya Julai, mwaka 1984, na Karatu ilikuwa na ule ubaridi wake unaopenya hata sweta la serikali. Jumamosi asubuhi, Felisiani, mtunza dawa wa zahanati ya misheni iliyoko juu kidogo ya Ganako, alikutwa sakafuni kwenye stoo yake, kisogo kimepasuka, na jiwe la kilo mbili la mizani ya kupimia unga wa watoto halionekani. Jumatano iliyotangulia, mbele ya foleni nzima ya wagonjwa, Leonida alikuwa amemrushia Felisiani kadi usoni na kumwambia kwamba Mungu anamwona, na yeye Leonida pia anamwona. Kadi yenyewe ilikuwa ya binti yake Germana, mtoto wa miaka tisa aliyekufa kwa kifua kikuu mwezi wa Aprili. Kufikia Jumamosi mchana mwanamke alikuwa mahabusu, na sokoni watu walikuwa wameshamhukumu.

Kesho yake asubuhi, gari la mahabusu lingempeleka Arusha. Pamoja naye ingekwenda karatasi ya kurasa tatu, na karatasi hiyo ndiyo iliyomnyima Inspekta raha. Ilikuwa imeandikwa Jumatatu iliyotangulia, kabla ya mauaji, na Daktari Eliaichi, bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akizunguka Karatu na Ngorongoro na utafiti wake wa haiba za watu. Daktari alishikilia kwamba kuna watu ambao tabia yao yenyewe ndiyo ugonjwa, na kwamba watu hao hawaponi hata wakipewa dawa ile ile wanayoponea wenzao. Leonida, aliandika, alikuwa mfano kamili. *Ana kasoro kubwa ya haiba. Hana mapenzi na watu. Hajutii. Hulipiza kisasi.* Jaji akiisoma karatasi ile, mwanamke angenyongwa, au kama jaji ana huruma, angefungiwa Dodoma pamoja na vichaa wahalifu mpaka meno yamwishe.

Elirehema hakumpenda mwanamke huyu, na hakujisumbua kujifanya anampenda. Lakini alichukia zaidi kesi iliyoiva kabla hajawasha moto.

"Muulize kwa nini alimrushia marehemu kadi."

Koplo akauliza. Safari hii Leonida alijibu. Alizungumza kwa sauti ya chini na ya haraka, akinyoosha kidole kuelekea Ganako, akaonyesha mgongo wake mwenyewe, akaonyesha ardhi, akahesabu kitu kwa vidole mpaka tisa. Kwenye saa ya Inspekta zilipita dakika mbili na nusu.

"Anasema alikuwa na hasira," alisema Koplo.

"Ameongea dakika mbili na nusu, wewe unaniletea maneno matatu?"

"Kiiraqw ni lugha ndefu, Afande."

Inspekta alimtazama Koplo wake kwa muda. Raphaeli Tluway alikuwa mtu wa Ganako, mzito, msafi, mwenyekiti wa kigango chao, na katika miaka miwili ya kufanya naye kazi hajawahi kumwona akitokwa jasho. Sasa paji lake lilikuwa linang'aa, na nje kulikuwa na umande.

Alivuta droo, akatoa kidau cha wino na karatasi nyeupe.

"Nipe dole gumba lake la kulia."

Leonida aliutoa mkono kama mtu anayetoa kitu asichokihitaji tena. Inspekta alilibingirisha dole kwenye wino, kisha kwenye karatasi, mara tatu, bila haraka. Akamrudisha mahabusu. Halafu akaiweka kadi ya Germana kando ya karatasi, akachukua kioo cha kukuzia, akainama.

Daktari Eliaichi alikuwa mtu wa utaratibu, hilo lazima asifiwe. Kila sindano ya kifua kikuu iliyochomwa katika utafiti wake ilitakiwa kuwa na tarehe, saini ya Felisiani na dole gumba la mzazi aliyemleta mgonjwa, kwa sababu, kama alivyoeleza mwenyewe kwa maandishi, watu wenye haiba mbovu ni waongo. Kadi ya Germana ilikuwa na mistari sitini. Ilianza tarehe tisa Januari, ikaishia tarehe nane Machi, haikuruka siku. Dozi kamili. Na kila mstari ulikuwa na dole.

Dole la Leonida lilikuwa na mizunguko iliyofungana vizuri, safi, haina doa. Madole ya kwenye kadi yalikuwa na mstari mweupe uliokata kwa mshazari kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Kovu. Inspekta alikagua la kwanza, la kumi, la thelathini, la sitini. Kovu lilikuwa pale pale siku zote sitini.

Alikuwa ameliona kovu hilo mahali. Alifungua jalada la marehemu, akatoa alama za vidole alizozichukua mwenyewe Jumamosi, kwenye mkono uliokwisha kuwa wa baridi. Mtu anayevunja vichupa vya maji ya sindano kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, siku moja kioo kitamkata tu. Felisiani alikuwa amekatwa kwenye dole gumba la kulia, kwa mshazari.

"Koplo! Funga mlango. Keti."

Tluway akaketi kwenye kiti cha mshukiwa. Hapakuwa na kiti kingine.

"Felisiani amejipigia dole mwenyewe mara sitini," alisema Inspekta. "Maana yake mama hakufika zahanati hata siku moja. Mtoto anakohoa damu, zahanati ni nusu saa kwa mguu, mama haji. Daktari anasema hiyo ni kasoro ya haiba. Wewe unasemaje?"

"Mimi si daktari, Afande."

"Sikiliza basi." Akachukua fomu ya daktari, ya tarehe tano Januari, akaanza kusoma kwa sauti ya karani. "Majirani huingia nyumbani kwako? Hapana. Unakula na watu? Hapana. Unachota maji pamoja na wenzako? Hapana. Ng'ombe wako wanachungwa na wa wengine? Hapana. Na hapa pembeni daktari ameandika kwa mkono wake: *Alikataa kunipa mkono. Alinikataza kuingia ndani. Kalamu hakuipokea mkononi mpaka ilipowekwa chini.*" Akaitupa fomu mezani. "Nimewahoji majirani sita. Wote wanasema hivyo hivyo, hatuendi kwake, haji kwetu. Nikaandika: mwanamke anachukiwa. Lakini Marsela, wa shamba la chini, ambaye hajavuka kizingiti cha Leonida tangu Krismasi, aliponiambia hivyo alikuwa analia. Mtu humlilia jirani anayemchukia?"

Koplo aliangalia buti zake.

"Nakuuliza wewe, Tluway! Kesho huyu anakwenda kunyongwa."

"Ni metimani," alisema Koplo, kwa sauti ambayo nusura isisikike.

"Ndiyo nini?"

"Mwiko wetu, Afande. Nyumba ikipatwa na jambo, kifo, au mimba kutoka, watu wake wanakaa kando. Hawashikani mikono na mtu, hawali na mtu. Hawapiti njia ya wote. Hawachoti maji wanapochota wengine, na mifugo yao haichangamani. Wakichangamana, balaa linahamia kwa jirani. Ni miezi mitatu, minne, pengine mwaka, mpaka wazee wawatoe."

"Na Leonida?"

"Mimba yake ilitoka wiki ya Krismasi. Alipokaribia kutolewa, Germana akafa, ikabidi aanze upya. Wamemtoa Jumanne hii iliyopita. Ile Jumatano ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga zahanati, akaonyeshwa kadi ina madole sitini."

"Na majirani?"

"Wanampenda sana. Marsela alikuwa anamwachia unga kwenye mpaka wa shamba, anaondoka, ndipo mwenzake anakuja kuuchukua."

Inspekta alisimama. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni, na sehemu yake kubwa ilikuwa hasira ya mtu aliyefanywa mjinga ofisini mwake.

"Kwa hiyo Ganako nzima inajua, isipokuwa mimi."

"Na padre," alisema Koplo. "Padre ametangaza, anayeshika metimani hapewi komunyo, na akifa kanisa halimziki. Kila mtu anashika, Afande, na kila mtu anakana. Mimi ni mwenyekiti wa kigango. Mke wangu mwenyewe, mwaka juzi..."

"Mficha uchi hazai, Koplo. Mmemficha kwa padre, mkamkabidhi kwa mnyongaji. Sasa niambie yale maneno ya dakika mbili na nusu, na ukiacha hata moja nakuvua hizo tepe."

Koplo aliyasema yote, akiwa ameinamisha kichwa. Siku ile ya fomu, aliyekuwa akimtafsiria daktari ni Felisiani. Felisiani alikuwa Mwiraqw, alijua vizuri kwa nini mwanamke anajibu vile, lakini alikuwa mwajiriwa wa misheni, akatafsiri majibu na kuacha sababu. Daktari aliposogea kwenye gari, Felisiani alimnong'oneza Leonida asiwe na wasiwasi, ataleta sindano mwenyewe mpaka mpaka wa shamba. Leonida alisubiri hapo mpakani, mtoto mgongoni, kila asubuhi kwa siku tisa. Hakuja mtu.

"Na hii umeiita hasira," alisema Inspekta.

Alichukua kofia yake.

*

Landrova ya polisi ilipanda polepole kwenye udongo mwekundu. Getini Loduare, lango la kuingilia Ngorongoro, pale msitu unapoanza, Inspekta aliomba daftari la magari. Mlinzi wa zamu aliitwa Sintamei, Mmasai mrefu mwenye sare iliyomwishia juu ya vifundo, na aliandika saa za magari kwa hati ambayo mwalimu yeyote angeionea wivu.

"Ijumaa. Gari la Daktari Eliaichi."

Sintamei hakuhitaji kutafuta. "Saa kumi na moja na dakika hamsini. Nilikuwa nataka kufunga. Alinipigia honi kama mimi ni ng'ombe."

"Una hakika?"

"Afande, hapa sina kazi nyingine ila saa."

Katika maelezo yake ya Jumamosi, daktari alikuwa amesema aliondoka zahanati saa nane mchana, akamwacha Felisiani mzima, akaenda moja kwa moja kwake. Kutoka zahanati mpaka geti ni nusu saa ya gari. Wagonjwa wa mwisho walimwona Felisiani akifunga dirisha la dawa saa tisa. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia kwenye daftari la mlinzi.

Nyumba ya watafiti ilikuwa ukingoni kabisa mwa kreta, na siku hiyo kreta yenyewe haikuwapo, ukungu ulikuwa umeimeza. Daktari Eliaichi alikuwa akifunga masanduku. Alhamisi angepanda ndege, na wiki iliyofuata angesoma matokeo ya utafiti wake ng'ambo, mbele ya mabingwa wenzake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nadhifu, mwenye kitambaa cha hariri shingoni, na alimkaribisha Inspekta kwenye kiti kilicho mbali na moto.

"Nilidhani karatasi yangu inatosha," alisema.

"Inatosha sana, Daktari. Nimekuja kuielewa tu. Mimi si msomi."

Hilo lilimpendeza. Aliketi, akakunja miguu.

"Wewe ni mtu wa Meru, Inspekta. Mimi wa Machame. Sisi tunaelewana. Hawa wa hapa ni watu wagumu. Unamwokoa mtu, anakutazama kama umemwibia. Mimi nimewafanyia utafiti mwaka mzima, nawajua."

"Walikuwa wangapi?"

"Wagonjwa wa kifua kikuu arobaini na saba. Kila nyumba tuliihoji, maswali arobaini. Nyumba thelathini zilikuwa na haiba thabiti. Kumi na saba zilikuwa na kasoro. Watu wa kujitenga, wasiotaka kushikwa mkono, wasiokula na wenzao."

"Na matokeo?"

"Wa haiba thabiti wamepona wote, isipokuwa wawili. Wa kasoro, kati ya kumi na saba, kumi na mmoja wamekufa." Alisema hivyo kama mtu anayetaja mavuno mazuri. "Dawa ile ile, zahanati ile ile, dozi ile ile. Unaona maana yake? Haiba yenyewe inaua. Hakuna aliyewahi kuonyesha hivyo kwa ushahidi ulio wazi namna hii."

"Wote walipata sindano sitini sitini?"

"Wote. Kadi zipo, zina madole."

Inspekta alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Jumamosi alikuwa ameitoa kwenye msumari ukutani mwa stoo, hatua mbili kutoka mahali ulipolala mwili, kwa tabia yake ya kuchukua kila chenye mhuri.

"Hii ni hati ya kupokelea dawa. Shehena moja tu kwa mwaka mzima, kwa sababu nchi haina dawa. Chupa elfu moja na mia nane. Mimi hesabu yangu ni ya darasa la saba, Daktari, nisaidie. Sindano sitini kwa watu thelathini ni ngapi?"

Daktari aliitazama hati.

"Ni elfu moja na mia nane kamili. Hazikubaki za kumi na saba. Hata moja."

Kuni zililia motoni. Daktari alikitazama kitambaa chake, akakinyoosha.

"Ungefanyaje wewe?" alisema hatimaye, na sauti yake haikutetemeka. "Chupa za watu thelathini, wagonjwa arobaini na saba. Ungepiga kura? Mimi nilichagua kwa akili. Niliwapa wale ambao wangemaliza dozi. Yule mwanamke hakutaka hata kupokea kalamu mkononi mwangu! Angemaliza sindano sitini?"

"Alisubiri sindano siku tisa mpakani mwa shamba, mtoto mgongoni. Alikuwa katika mwiko wa msiba. Mimba yake ilikuwa imetoka. Kwao mtu wa hali hiyo haruhusiwi kukupa mkono, asije akakuambukiza balaa lake. Alikuwa anakuhurumia, Daktari."

"Najua," alisema Eliaichi.

Inspekta alitazama saa yake. Jambo hilo yeye mwenyewe alikuwa amelijua kwa saa nne tu.

"Nani alikuambia?"

Mwanamke alifumba mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Watu wa Ganako hawamwambii padre," alisema Inspekta. "Polisi hawakuniambia, na wao wako chini yangu. Karatasi yako ya Jumatatu iliyopita haina habari hiyo hata mstari mmoja. Aliyekuwa na sababu ya kukuambia ni mmoja tu, aliyekutafsiria fomu zote kumi na saba huku akijua. Alikuambia Ijumaa. Si saa nane. Saa nane alikuwa bado anagawa dawa dirishani. Uliniambia uliondoka saa nane, na mlinzi wa geti amekuandika saa kumi na moja na dakika hamsini."

"Huwezi kuthibitisha."

"Nina daftari la geti. Nina dole la marehemu kwenye kadi ya Germana, na kadi nyingine kumi na sita sijazitazama bado. Unataka nikazitazame mbele ya hao mabingwa wako?"

Hilo ndilo lililomvunja. Kifo cha Felisiani kilikuwa hakijamtikisa, wala vifo kumi na moja. Lakini alipowafikiria wale watu wa ng'ambo wakiinamia kadi zake na kioo cha kukuzia, Daktari Eliaichi alisimama ghafla, akalishika sanduku kana kwamba mtu anamnyang'anya.

"Alilia," alisema kwa chuki. "Mwanaume mzima, anashika mkono wangu analia. Tangu mwanamke yule amrushie kadi alikuwa halali. Akaniambia nyumba kumi na mbili kati ya zile kumi na saba zilikuwa kwenye huo mwiko wao. Kumi na mbili! Hakuna kasoro yoyote, hakuna haiba, ni msiba tu! Mwaka mzima ninaandika msiba naita ugonjwa, na yeye amekaa pale ananitafsiria! Anataka kwenda kwa padre na kadi zote, akaungame. Nikamwambia asubiri nirudi kutoka safari. Akanipa mgongo." Akavuta pumzi. "Alikuwa mtu wa haiba dhaifu. Nilimwandika hivyo tangu mwaka jana."

"Jiwe la mizani liko wapi?"

Alitazama dirishani, kwenye ule weupe mtupu uliokuwa kreta.

"Huko chini," alisema. "Katafute."

*

Saa kumi na moja na nusu jioni, Koplo Tluway alifungua mlango wa mahabusu. Hakuna aliyemwambia Leonida kitu, lakini alipoona vitu vyake vimetolewa, kanga, rozari, na ile kadi ya mtoto, alielewa. Alisimama taratibu.

Inspekta Elirehema alikuwa amejifunza. Hakumpa vitu mkononi. Aliviweka chini, juu ya sakafu iliyofagiwa, akarudi nyuma hatua mbili kwa heshima, na kwa kweli alijiona mtu mstaarabu kuliko maafisa wote wa mkoa. Leonida aliinama akaviokota. Kadi aliitazama kidogo, kisha akaificha ndani ya shuka.

"Mwambie namwomba radhi," Inspekta alimwambia Koplo. "Kwa niaba ya serikali na kwa niaba yangu. Mwambie sasa naelewa kwa nini asubuhi hakukigusa kikombe changu. Ulikuwa mwiko, na mimi nilikuwa sijui."

Koplo alianza kutafsiri, na safari hii hakuacha neno. Lakini Leonida aliinua kiganja akamnyamazisha. Alimgeukia Inspekta, na kwa mara ya kwanza alisema naye mwenyewe, kwa Kiswahili cha kisomo cha watu wazima, akiweka neno baada ya neno.

"Mwiko uliisha Jumanne."

Inspekta alikuwa ameshanyoosha mkono wa kuagana. Hakujua aufanye nini, akauacha hewani.

"Kunywa ningeweza," alisema Leonida. "Chai yako sikuitaka. Na huo mkono siutaki."

Akajifunga kanga kichwani, akapita katikati yao wawili, akatoka. Marsela alikuwa amesimama nje kwenye baridi, nani ajuaye tangu saa ngapi. Wakashikana mikono, yote miwili, wakaondoka wakiwa wameshikana vile vile kuelekea barabara ya Ganako.

Mezani kikombe kilikuwa bado kimejaa. Inspekta akakichukua, akaenda kuimwaga ile chai mwenyewe.